Geuka Ukutani

Nakhungu aliujua ukuta wa ile saiba ya Kondele, alikohudumia wateja wa intaneti, kuliko fundi aliyeupaka rangi. Miaka tisa! Kila kompyuta ilipodai ruhusa ya admin, yaani msimamizi wa mashine, iwe ni kuweka printa mpya au kurekebisha saa tu, ilibidi ampigie simu mwenye saiba, Bwana Okinyi. Naye Okinyi angekuja akitafuna kitu, amwambie mbele ya wateja, "Haya, nyar Port, geuka ukutani," ndipo aandike paswadi yake. Na mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Port Victoria, ndiyo maana akaitwa nyar Port, binti wa Port, anageuka. Wateja walikuwa wakicheka. Mimi wale wateja sitawasamehe.

Nakhungu hakutaka makuu. Alitaka siku moja awe admin wa mashine ile, asigeuzwe tena.

Jumanne moja Okinyi aliingia akitabasamu. Mtu mwenye roho kama yake akikupa kitu bure, uliza kwa nini. Nakhungu hakuuliza.

"Leo nakupa heshima yako," Okinyi alisema. Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika mstari mmoja mfupi, na akaunti ya admin iliyokuwa imefichwa ndani ya mashine ikaamka. "Tuipe majina yako matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho." Nakhungu Rachael Wechuli. Kisha akaifuta ya kwake. "Mimi umri umeenda, nitabaki bila akaunti, kama mteja tu. Weka paswadi yako, mama. Mimi nitageuka."

Na kweli akageuka ukutani. Nakhungu machozi yalimtoka. Alimpigia mama yake simu, na Jumapili kanisa zima huko Port Victoria likaambiwa limshukuru Mungu. Kwa ajili ya kompyuta! Cheka ukitaka, lakini wewe hujageuzwa ukutani miaka tisa.

Tangu hapo, kila Ijumaa Okinyi alikuwa akimbembeleza. "Admin, niachie mashine wazi kwenye akaunti yako, nina kazi ya kuchapisha wikendi." Anaombwa ruhusa, jamani! Nakhungu alikuwa akimwachia, tena kwa maringo.

Mwezi wa pili baada ya hapo wanaume wawili waliingia, wakaonyesha vitambulisho vya polisi. Vyeti bandia vya mtihani vilikuwa vimeshikwa Awasi, na mwenye navyo alikuwa ameitaja saiba hii.

"Nani admin wa mashine hii?"

"Mimi hata siwezi kuifungua, afande," Okinyi alidakia. "Jaribu mwenyewe uone." Na hapo alisema kweli tupu.

Nakhungu hakujua lolote la vyeti, kwa hiyo hakuogopa. Alichosikia ni lile swali tu, swali alilolisubiri miaka tisa. Alisimama, akanyoosha sketi, akajibu kwa sauti iliyofika hadi nje, "Ni mimi!" Kitambulisho alikitoa kabla hajaombwa.

"Fungua."

Alikaa. Vidole vilipogusa kibodi alikumbuka cheo chake. "Bwana Okinyi," alisema, wateja wote wakisikia, "geuka ukutani."

Okinyi aligeuka upesi, wala hakubisha.

Mafaili yakafunguka: vyeti mia mbili na zaidi, na kwenye kila kimoja mashine ilionyesha kwamba aliyekitengeneza ni Nakhungu Rachael Wechuli. Afande akatoa pingu.

"Hivi mimi sivijui! Bwana Okinyi, waambie! Si wewe ndiye unayekuja wikendi?"

Okinyi alikuwa akikwaruza rangi ya ukuta kwa ukucha.

"Bwana Okinyi!"

Walimpitisha Nakhungu nyuma ya Okinyi, karibu sana, hata bega lake likamgusa mgongoni. Okinyi aliendelea kuutazama ukuta mpaka gari likaondoka.