Jagi la Mjane wa Njoro

Wiki iliyopita jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwa mama mmoja mjane, hapa Njoro. Desturi yetu, mwenye nyumba huwapa wageni soda, na asiyetoa husemwa mpaka Pasaka. Huyu mama alileta jagi la maji yenye vipande vya nanasi, limau na mchaichai.

“Mnisamehe, soda sikuweza. Haya nimeyachemsha jana, yakalala na matunda mtungini.”

Nakiri kwamba sala ya kufunga ilinikuta namsema moyoni. Mzee wetu mwenyekiti alionja, akafumba macho, kisha akasogeza tena glasi yake.

“Ongeza, mama. Na hilo nanasi usilibanie.”

Jagi lilijazwa mara tatu. Mama wa watu akacheka, akakaa nasi.

Jana ilikuwa zamu yangu. Nilipanga kreti nzima ya soda mezani, nikangoja sifa. Mzee alizitazama chupa, akaninong’oneza, “Kwani yule mama jirani yako hakukufundisha yale maji?”

Leo nimerudisha kreti dukani, chupa zimejaa, hakuna aliyefungua hata moja.

“Wageni hawakuja?” akauliza mwenye duka.

“Walikuja,” nikasema, nikaenda zangu sokoni Kiboriloni kutafuta malimau.