Kompyuta Iliyobisha Hodi Nyumba ya Zamani

Juzi, nikiwa kwenye saiba moja ya kukodi kompyuta hapa Malindi, ukurasa wa maombi ya chuo uligoma kufunguka, na maombi yalikuwa yanafungwa jioni. Baba mmoja aliyekuwa akimwombea bintiye nafasi akamwinulia simu yake mama mwenye saiba. "Mama, mbona huku kwenye simu unafunguka?"

Mama akatabasamu. "Kompyuta yangu hii ya Linux, ukiipa jina la tovuti, huuliza anwani yake nyumbani kwanza, kwenye orodha yake yenyewe, ndipo iulize nje mtandaoni. Anwani ya chuo niliiandika mwenyewe kwenye orodha hiyo, mtandao ulipokuwa ukisumbua. Tovuti ya chuo imehamia anwani mpya, nayo kompyuta bado inabisha hodi kule kule."

"Kumbe wenyewe walishahama!" Baba akacheka. Mama akafuta mstari ule wa anwani ya zamani, ukurasa ukafunguka.

Niliwahi kuelezwa haya kwa Kiingereza semina nzima, nikaitikia kwa kichwa tu. Kwa Kiswahili chetu, tulielewa kabla ukurasa haujafunguka.