Mataruma Niliyoyachoma

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimechoka kuikumbuka, lakini magoti yakianza kuuma inanijia yenyewe. Keti nikuambie mara hii moja, maana hata kusimulia kunachosha.

Nilikuwa kijana wa Mahango, huko mlimani, fundi wa nyumba, nikateremka Katunguru, kando ya mfereji unaounganisha maziwa mawili, kujifunza kuunda mitumbwi kwa Mzee Paluku, mtu wa upande wa Kongo, macho mabovu, mikono ya ajabu. Siku ya kwanza alinifundisha neno taruma. Ni ubavu wa chombo, mti unaozishika mbao za pembeni zisifunguke. Alisema neno lilipanda kutoka pwani pamoja na mafundi. Ndiyo maana wazee wa reli hapa Kasese waliviita mataruma vile vyuma vinavyolala chini ya njia ya treni, na wajenzi wengine huuita hivyo mti wa kukaza ukuta. Kazi yake kote ni kushika vingine visiachane. Niliitikia tu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nyuma ya banda alikuwa na rundo la matawi yaliyopinda, ameyakusanya miaka. Kwetu mlimani mti uliopinda ni kuni. Nyumba hutaka ulionyooka. Mzee akalala na malaria wiki mbili, nami nikayapikia chai na maharage mpaka rundo likaisha. Ndipo jirani akaniambia kwamba yale ndiyo yalikuwa mataruma, yamepinda yenyewe tangu msituni. Niliogopa sana. Nikachukua mbao nene zilizonyooka, nikazichonga mpaka zikapata umbo lile, nikazipigilia ndani ya mtumbwi tuliokuwa tukiuunda, nikapaka lami juu kuficha.

Alipopona aliniuliza, "Mutoto yangu, ile miti yangu ya kupinda iko wapi?"

"Iko ndani ya mutumbwi, mzee."

Akapapasa ile lami, akacheka kwa furaha. "Sasa uko fundi."

Desturi yao, fundi mkuu wa chombo ndiye hukipanda kwanza, peke yake, kabla mwenye chombo hajakabidhiwa. Nilimshika mzee mkono akaingia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikanyamaza. Katikati ya mfereji kiboko akaibuka karibu, wimbi lake likaupiga mtumbwi, na mataruma yangu yakakatika, mbao zikafunguka, mtumbwi ukazama, maana mti ulionyooka ukiulazimisha upinde kwa kuuchonga na tezo hauna nguvu. Tulimpata jioni, amekufa.

Nilimwendea mjane wake nikamwambia yote.

"Angejua, angekupiga kofi moja," akasema, "kisha mungeenda kutafuta ingine mu pori."

Kofi moja, mwanangu. Hilo ndilo lililonizeesha.

Basi kosa lako liseme chombo kingali nchi kavu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, kikamchukua mwingine. Usiogope kofi la anayekupenda. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akubakizie mtu wa kumwomba msamaha angali hai kukusikia.