Nani Atambeba Kocha

Jumanne asubuhi nilikuwa ndani ya treni nikielekea kazini Croydon, kusini mwa London, nahodha wa timu yetu ya mpira ya Jumapili akanipigia simu. Nahodha hapigi simu asubuhi. Ni mpakiaji mizigo uwanja wa ndege, na saa hizo ama yuko kazini ama amelala fofofo. "Shekhe, kocha katutoka," akaniambia. "Mkewe kanipigia sasa hivi. Moyo. Alikuwa jikoni anatia maji kwenye birika." Nikamuuliza tunazika saa ngapi, maana kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Akasema, "Funeral yenyewe ni wiki ya tatu kutoka leo. Ndiyo slot waliyoipata." Nilishuka kituo kisicho changu, nikakaa kwenye benchi, nikalia mbele za watu. Katika mji huu ukilia hadharani, wote walio karibu nawe huanza kutazama viatu vyao.

Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba sitaji majina, na hata ningemtaja huyu msingemjua. Alikuwa Mwingereza, mshambuliaji wa kati, wa aina ile ambayo haikai timu moja mpaka jezi ikapauka. Alicheza madaraja ya chini, katika miji ya kaskazini yenye mvua na miji ya pwani yenye upepo. Huku aliazimwa, kule aliachwa. Alisajiliwa majira ya joto na kuambiwa ahsante kabla majira hayajarudi. Wachezaji wetu walipenda kumuuliza habari za nyota aliowahi kucheza nao. "Nao?" alikuwa akijibu. "Mimi nilicheza dhidi yao. Walinipiga mateke sana, watu wema wale." Alipotundika viatu akawa kocha msaidizi hapa na pale, hadi nafasi hizo nazo zikaisha. Mwisho akawa dereva wa basi linalowapeleka wafanyakazi kwenye maghala ya mizigo karibu na uwanja wa ndege. Ndani ya basi hilo ndimo alimokutana na kipa wetu, Mpemba mmoja mwenye maneno mengi, aliyemwalika aje aone tunavyoteseka Hounslow kila Jumapili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tulikuwa wagonjwa kwelikweli.

Siku ya kwanza alimwita mshambuliaji wetu, akamwonyesha pembe ya uwanja, akamwambia akimbilie kule. Yule akauliza kama akifika atapasiwa. "Hapana," akasema kocha. Sasa akimbie ya nini? "Ili beki akufuate, mwenzako apate kupita." Mshambuliaji akageuka kwetu na kusema kwa Kiswahili, "Huyu mzee anataka nichoke bure." Lakini hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kocha miaka yote: kukimbilia mahali ambapo mpira hauji, ili jina la mwingine litangazwe. Wengi kwenye timu yetu wanaishi kwa kazi za ejensi, leo ghala hili, kesho lile, na akipita meneja mpya hukuuliza upya unaitwa nani. Ndege inaruka kwa wakati, abiria anamshukuru rubani. Kwa hiyo somo la kocha liliwaingia haraka kuliko alivyotarajia, na msimu ule tulianza kushinda.

Kulikuwa na jambo jingine. Kocha hakuachana na chupa yake ya chai. Mvua, jua, chupa iko kwapani. Ramadhani ya kwanza aliyokuwa nasi tuliona anakuja nayo na kuondoka nayo bila kuifungua. Nahodha akamwambia, "Coach, kunywa tu, sisi hatujali." Akajibu kwamba hawezi kumwambia mtu akimbie na kiu huku yeye anakunywa. Basi kwa nini anaibeba? Akasema bila chupa hajui mkono wake auweke wapi. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nilimpenda kuanzia siku hiyo, na sioni haya kulisema.

Alasiri ya Jumanne ile tulifanya kosa ambalo ni watu wa kwetu tu wangelifanya: tulikwenda msibani. Hatukupiga simu kwanza, kwani nani anaomba ruhusa ya kwenda msibani? Mke wa nahodha alikuwa amepika sufuria ya pilau, kwa sababu wafiwa hawapiki. Mimi nilibeba kahawa. Kipa alibeba mkeka uliovingirishwa. Mjane alipofungua mlango alitukuta tumeshavua viatu, tumejaa kwenye kijia chake hadi barabarani. Akatazama sufuria. Akatazama mkeka. "Samahani, kulikuwa na miadi?" akauliza kwa Kiingereza chao cha adabu. Kipa, mwenye maneno yote yale, aliukumbatia mkeka wake. Mke wa nahodha ndiye aliyesema, "No, mama. Tumekuja kukaa na wewe tu."

Tukaingia, tukakaa chini, ingawa makochi yalikuwapo. Mjane alikula kidogo, akasema tangu asubuhi majirani wamemtumia ujumbe mzuri wa pole, wote wakimwambia wanamwachia utulivu. "Wananiheshimu, najua," akasema, "lakini nyumba imekuwa kubwa, sijui nikae chumba gani." Kisha akatueleza kilichokuwa kikimkaba. Watu wa mazishi walimuuliza nani atabeba jeneza, naye hana wa kuwataja. Binti yao anaishi Australia, atakuja peke yake. Alizipigia simu timu za zamani za mumewe. Wakamjibu kwa upole, ila walioko ofisini leo hawakuwapo enzi zake. "Alikuwa akiliogopa hilo," akasema. "Aliniambia mtu aliyechezea timu zote hana timu, na siku yake atabebwa na watu wa kukodi." Hapo akafunika uso. Nahodha aliweka sahani chini. "Mama, listen to me," akasema. "Kocha ana timu."

Siku ya mazishi msimamizi, bwana mmoja mpole mwenye kofia ndefu, alitupanga langoni mwa makaburi. Akachagua sita wa kimo kimoja. Akatueleza: mguu wa kushoto kwanza, mwendo wa polepole, na aliyeshika ashike mpaka kaburini. Nahodha aliitikia kila neno, na nadhani alikusudia kutii. Lakini kwetu jeneza halina watu sita. Ni la wote waliokuja. Unatia bega, unatembea hatua chache, mwenzako anakugusa, unampisha, maana kila mmoja anataka kuwa amembeba ndugu yake. Hatukufika mbali kabla kipa hajaingia chini bila kuulizwa. Akafuata yule mshambuliaji, kisha Mkongomani wetu wa winga, ambaye ni Mkristo, kisha mimi na goti langu bovu. Mwendo nao ukawa wetu, wa haraka, hata bwana wa kofia aliyetangulia mbele ikabidi arefushe hatua. Mara mbili aligeuka kutukataza, na mara mbili aliona nyuso zetu akaacha.

Katikati ya njia mjane alisogea kando ya nahodha. "Na mimi naruhusiwa?" akauliza. Kwetu wanawake hawabebi jeneza, na wengi hata makaburini hawafiki. Nahodha akanitazama, kana kwamba mimi, kwa kuwa naandika magazetini, nina fatwa mfukoni. Sikuwa nayo. Basi akainama, akatoka chini ya jeneza, akampa mahali pake. Mjane alikuwa mfupi, jeneza halikumfika begani. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja chini ya ubao, akatembea hivyo, akizungumza na mumewe kwa sauti ndogo ambayo hatukujaribu kuisikiliza. Sisi sote tukapunguza mwendo.

Funzo lipo, na kazi ya safu ni kulisema. Mtu si wa timu iliyomsajili, wala wa mji uliomzaa, wala wa ofisi iliyotunza jina lake. Ni wa wale wanaogombea kutia bega siku asiyoweza kutembea. Hivyo kocha alikuwa na timu, na aliogopa bure, na hakuna aliyemwambia alipokuwa akisikia. Hilo ndilo linaloniuma. Funzo nimelipata, nanyi nimewapa. Ningelirudisha lote hivi sasa nikarudishiwa yeye, Jumapili moja tu, anifokee kwa kuwa nimesimama uwanjani badala ya kukimbia.