Ile "d" ya "supposed to"

Kosa langu la kwanza katika Kiingereza lilikuwa herufi moja. Niliandika "I am suppose to", bila d, kwa sababu nilijifunza kwa redio na redioni sikuwahi kuisikia. Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Kasongo aliizungushia kalamu nyekundu, akacheka. Niliona haya wiki nzima. Tangu hapo nikawa naikagua hiyo d kama mtu anayerudi mara tatu kushika kufuli ya mlango.

Mwaka jana dada yangu, aliyekimbia vita Kabambare, aliniomba barua. Yuko kambini, ugenini, na ofisi ya huko ilitaka mtu wa nyumbani athibitishe kwa Kiingereza kwamba ni ndugu yetu. Niliandika: "She is supposed to be my sister." Nilijua maneno hayo kwa maana ya "anapaswa", nikayaona mazito, ya kiofisi. D ilikuwapo. Nikaipiga picha barua, nikamtumia dada kwa simu.

Kesho yake, katika kamusi ya simu, nikaona maana nyingine: inadhaniwa, inasemekana. Nilikuwa nimeiandikia ofisi kwamba huyu inadhaniwa ni dada yangu.

Nilimweleza mama, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Inazaniwa na nani?" akauliza. "Na miye niko wapi? Si miye nilimuzaa?"

"Ni Kiingereza, mama."

"Basi hiyo Kiingereza ikuje kuniuliza!"

Sikuweza kucheka. Nilipanda mlimani penye mtandao. Simu ilikatika mara nne, na kila mara nilimwona mtu akisoma sentensi yangu na kufunga faili. Ya tano, dada akapokea.

"Ile barua umeitoa?"

"Nimeitoa asubuhi. Kuko nini, muzungu wangu?"

Nikamwambia.

"Mudogo wangu mwenyewe unanikana? Andika ingine. Sasa hivi."

Niliandika "She is my sister", nikatafuta kosa katika maneno hayo manne kwa saa nzima kabla ya kuituma.

Ofisi iliipokea barua ya pili, lakini ilimwita dada kumhoji juu ya ile ya kwanza. Ili kuonyesha ni wa kwetu, alitaja majina ya shangazi zetu wote, mmoja mmoja, na faili yake haikufungwa.

Siku hizi barua yangu ya Kiingereza haiendi popote kabla mtu mwingine hajaisoma.