Ndiyo ya Oiva

Oiva Kyllönen aliendesha lori la maziwa miaka yote ya nguvu zake, akizunguka mashamba ya kandokando ya ziwa, na hakuna jiko alilopita bila kunywa kahawa na kuacha habari. Watu walisema mdomo wake una injini kubwa kuliko ya lori. Kisha, msimu wa kuvuna viazi, kiharusi kikampiga. Kikaua mkono na mguu wa kulia, kikamnyang'anya maneno yote isipokuwa moja: ndiyo. Akitaka maji, ndiyo. Akikataa uji, ndiyo. Na kichwa nacho kiliufuata ulimi, kikaitikia hata moyo ulipopinga.

Mkewe, Hilkka, alijifunza kumsoma usoni. Mara nyingi alipatia.

Bomba lao la moshi lilikuwa limepasuka, wakakatazwa kuwasha kuni, hivyo nyumba ilitegemea mashine ya joto ambayo Oiva aliinunua angali mzima. Sehemu moja ilikaa ukutani sebuleni, juu ya kitanda chake cha sasa. Nyingine ilikaa nje chini ya dirisha, yenye feni kubwa. Hilkka hakuwahi kuigusa. "Hayo mambo yako," alikuwa akisema, naye Oiva alifurahi yawe yake.

Novemba hiyo ziwa lilichelewa kuganda, na ukungu ukatanda siku baada ya siku. Mashine za namna ile husumbuliwa zaidi na unyevu kuliko baridi kavu. Feni ya nje huvuta hewa ipite kwenye bati nyembamba, nazo bati huwa baridi kuliko hewa yenyewe ili ziweze kuinyonya joto. Ukungu ukizigusa, unageuka sakitu, barafu nyembamba kama unga. Sakitu ikizidi, mashine hujigeuza: hupeleka gesi ya moto nje badala ya ndani, feni zote mbili husimama, sakitu huyeyuka na kuchuruzika. Dakika chache tu, kisha kazi huendelea. Oiva aliyajua hayo kama alivyozijua kona za njia yake ya maziwa.

Hilkka alikuwa akimlisha alipoona wingu jeupe likipanda dirishani.

"Yesu wangu! Oiva, inaungua!"

Feni ya nje ilikuwa kimya. Ya ndani nayo ilitoa mlio kama wa nyoka, ikaacha kupuliza.

"Inafuka moshi! Niizime?"

Iache, Oiva alitaka kusema. Ni mvuke huo, mwanamke wewe, iache imalize.

"Ndiyo," ulimi ukasema.

Akaizima. Alipoiwasha baadaye ikapuliza joto kama kawaida, naye akajiona mshindi. "Tumeiwahi, mzee wangu. Ingetuchoma tukiwa hai."

Tangu hapo kila wingu lilipopanda, Hilkka alikimbilia swichi. Na kila alipoizima, barafu iliyoyeyuka nusu iliganda upya, nene kuliko mwanzo, na maji yaliyochuruzika yakaganda chini ya feni. Oiva alilisikia hilo kwa masikio yake, feni ikizidi kuwa nzito. Siku moja aliishika sketi ya mkewe kwa mkono wa kushoto, akaing'ang'ania.

"Ndiyo! Ndiyo! Ndiyo!"

"Najua, unaogopa. Nakwenda kuizima, niachie."

Akambandua vidole kimoja kimoja, kwa upole. Oiva akalia kwa hasira, naye Hilkka aliporudi akampangusa machozi kwa aproni.

Kisha anga likatakata na baridi kali ikaingia. Feni ikaanza kukwaruza barafu, kra, kra, kra, mpaka ukasikika mvunjiko mmoja na kimya. Fundi aliyepigiwa simu alisema wiki ijayo, mama, kila nyumba inalia. Hilkka akamfunika mumewe mablanketi, akaongeza mazulia, akaingia humo na koti lake. Oiva alikuwa ameanza kukohoa.

Kauko, jirani yao, alipita na samaki. Alikagua nje, akaingia akitikisa kichwa.

"Hilkka, kule ni donge moja la barafu. Kwani haikuwa inajiyeyusha?"

"Ilikuwa inatoa moshi, nikawa naizima."

"Moshi? Dada yangu, yangu hufuka kama sauna kutwa nzima! Huwa inajiyeyusha, ungeiacha."

"Nilimwuliza Oiva! Kila mara nilimwuliza!"

Wote wawili wakamgeukia. Oiva alifumba macho, asije akaulizwa tena akasema ndiyo.

Gari la wagonjwa lilimchukua siku hiyohiyo, mapafu yamejaa maji. Alirudi wakati wa theluji kubwa, amekonda, na feni mpya ilikuwa imekwisha kufungwa. Hilkka aliiacha ifuke ipendavyo. Lakini hakumwuliza tena mumewe swali lolote. Alichagua shati mwenyewe, akachagua supu, akafunga pazia alipoona vyema. Binti yao alipopiga simu na kuomba kumsalimu baba, Hilkka alisema, "Mwache, amelala."

Oiva alikuwa macho, anamtazama. Alitaka kumwambia, halikuwa kosa lako. Alilitafuta neno hilo mchana kutwa, huku mkewe akimenya viazi amempa mgongo.