Mwalimu Aliyetafuna Udongo

Stellamaris, mwalimu mwenzangu hapa Kibaha, alirudi kutoka Mzenga kwa mama mkwe wake amechoka hoi, hata kufuta ubao anapumzika. Kila likizo huenda kumsaidia Mama Sixtus palizi ya mpunga. Na kwa kuwa mkwe wa watu hataki kuambiwa ana maringo ya mjini, huvua viatu na kuingia shambani peku kama wenyeji.

Safari hii alirudi na hamu ya udongo. Vile vipande wanavyotafuna wajawazito alivinunua sokoni Mailimoja, mchana kweupe, bila kufikiria macho ya watu.

Mumewe, Sixtus, yuko Songea kwenye kazi ya barabara, na tangu Pasaka hajakanyaga nyumbani. Basi jirani yetu Herieth, mdomo wake ule hauna breki, akaona udongo, akaona na tumbo limejaa kidogo, akapiga simu Mzenga. Nani alimtuma?

Mama Sixtus akafika.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mimba ya nani?”

Stellamaris akaangua kilio. Akamwonyesha kipimo cha mkojo alichojipimia mwenyewe, hakina kitu. Mama akakisukuma kando.

“Hivyo vijiti vinadanganya. Twende hospitali nikasikie mwenyewe. Ikiwa kweli, leo leo namwambia mwanangu, na ndoa imeisha.”

Niliwasindikiza. Njia nzima nilitazama chini utadhani mshtakiwa ni mimi. Daktari alimfunua Stellamaris kope, akaona weupe, akaagiza apimwe damu, mkojo na choo. Majibu yalipotoka akatuita ndani.

“Mimba hakuna. Ni minyoo ya safura. Inapenya kwenye nyayo mtu akitembea peku kwenye udongo wenye kinyesi, halafu inakaa tumboni inanyonya damu. Damu ikipungua hivi, wengine hutamani udongo. Atameza dawa, atapona.”

Nilishusha pumzi. Mama Sixtus alimkodolea macho daktari, kisha akatoka koridoni akapiga vigelegele hadi wagonjwa wakainuka kwenye mabenchi.

“Hongera, mama!” mzee mmoja akaita. “Wa kike au wa kiume?”

“Minyoo, baba! Minyoo tu!” akajibu, machozi yakimtiririka, huku amemng’ang’ania mkwewe kifuani hataki kumwachia.